Mfarishi wa Vipande: Kazi ya Nyumba Nzima

Habari tuliyowaletea leo ni ya kitu kidogo ambacho watu wengi hukifagia na kukitupa jaani, nacho ni vipande vya nguo. Twataka kuonyesha jinsi vipande hivyo viwezavyo kuunganishwa nyumbani vikawa nguo nene ya kujifunika usiku, na ni nani apaswaye kuifanya kazi hiyo.

Watu wa pwani wana neno la zamani, mfarishi, maana yake nguo iliyoshonwa kwa matabaka, ya kutandika au ya kujifunika. Sisi wa bara aghalabu husema blanketi la viraka. Leo tutatumia neno la pwani, kwa sababu neno kiraka limekwisha kuharibiwa na dharau. Mtu akisikia kiraka hukumbuka suruali iliyotoboka magotini, na hapo hapo hukumbuka umaskini. Lakini kiraka na kipande si kitu kimoja. Kiraka hushonwa juu ya tundu ili kulificha. Kipande cha mfarishi hakifichi tundu lolote. Huunganishwa na vipande vingine ili kufanya nguo ambayo haikuwapo.

Wala kuunga vipande si jambo geni kwetu. Karibu kila mama hapa Kalangalala ana khanga sandukuni mwake, naye yamkini hajui kwamba khanga yenyewe ilianza kwa kuungwa. Husimuliwa kwamba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa vya mraba vilivyopigwa chapa, vilivyoletwa madukani vikiwa vimefuatana katika jora moja. Vitambaa hivyo viliitwa leso, neno tulilolipata kwa Wareno. Mwanamke alinunua vitambaa sita, akavikata vitatu vitatu, kisha akazishona safu zile mbili ubavu kwa ubavu. Hivyo alipata nguo moja pana, yenye sura ambayo hakuna duka lililokuwa nayo. Wafanya biashara walipoona vile, wakaagiza nguo zilizopigwa chapa nzima nzima. Mpaka leo watu wa Mombasa huiita khanga leso. Basi nguo hii tunayomtunza nayo mzazi, tunayomfunga nayo mtoto mgongoni, na tunayojitanda tuendapo msibani, ilizaliwa katika sindano ya mwanamke aliyeunga vipande.

Tena, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, wako watu ambao asili yao ni bara letu. Katika jimbo la Karnataka, upande wa magharibi wa India, wanaishi watu waitwao Siddi. Wengi wa wazee wao walitoka Afrika ya Mashariki; wengine walichukuliwa utumwani katika majahazi ya Waarabu na meli za Wareno, wengine walikwenda kama askari na mabaharia. Leo wanasema lugha za huko, nao wamo Wahindu, Waislamu na Wakristo. Wanawake wa Siddi hushona mifarishi waiitayo kawandi, kwa nguo kuukuu za nyumbani. Namna yao ni hii: hutandaza nguo kubwa kuukuu, mara nyingi sari, iwe ndiyo upande wa chini. Kisha huanza katika pembe moja, wakashikiza vipande kuuzunguka ukingo, wakaingia ndani mzunguko baada ya mzunguko, mpaka wakutane na katikati. Hawapimi kipande wala hawakilazimishi kuwa sawa na mwenzake. Katika pembe nne hutia vipande vilivyokunjwa kwa pembe tatu, waviitavyo phula, yaani maua. Kawandi isiyo na maua hayo huhesabiwa kuwa iko uchi. Mingine hushonwa midogo kwa ajili ya watoto wachanga, mingine mikubwa ya kufunika nyumba nzima iliyolala pamoja.

Marekani nako, katika jimbo la Alabama, mto unapopinda kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, ambacho wakazi wake ni wajukuu wa watumwa waliolima pamba mahali pale pale. Wanawake wake walishona mifarishi kwa mashati na suruali za shamba zilizochakaa, maana nyumba zao zilipenya upepo na fedha hazikuwapo. Mwaka 1942 mmoja wao, jina lake Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akazishona mfarishi, ili amkumbuke na apate kujifunika upendo wake. Binti yake aliyemsaidia aliisimulia habari hiyo alipokuwa mzee. Miaka 60 baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya kijiji kile ilitundikwa katika jumba la sanaa la mji wa Houston, na watu wakaja kuitazama kama watazamavyo picha za mabingwa. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilipiga chapa ya mifarishi hiyo katika stempu za barua.

Tumezisimulia habari hizi kwa sababu moja. Wanawake wa Karnataka na wa Alabama walilima mchana, walipika, walichota maji, walilea. Hakuna aliyewapa siku ya mapumziko ili washone. Walishona jioni kidogo, na mvua ilipozuia kazi ya shamba kidogo. Kama vile nguo yenyewe ilivyokuwa ya vipande, wakati walioutumia ulikuwa wa vipande pia. Basi mtu asemaye, "Nitashona nikipata nafasi," atangoja mpaka watoto waoe.

Sasa na turudi nyumbani. Geita ni mji wa dhahabu. Wajerumani waliigundua dhahabu ya nchi hii mwaka 1898. Mgodi ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa siku hizi ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini dhahabu ya mgodi mkubwa haimfikii kila mtu, na mchimbaji mdogo hupata leo akakosa mwezi mzima. Katika mji wa namna hii nyumba hujaa vitu wiki moja, na wiki ya pili mama hukopa unga.

Tuchukue nyumba moja iwe mfano, tusiitaje jina, kwa kuwa nyumba kama hiyo ni nyingi. Yumo baba, mchimbaji mdogo. Yumo mama, watoto wanne, na nyanya yao mzaa baba. Watoto watatu hulala chini ya blanketi moja. Mwezi wa Juni ukaingia, na baridi ya kipupwe ikaja nao. Kila usiku aliye katikati hupata joto, na walio pembeni huvutana mpaka alfajiri. Mdogo wao akaanza kukohoa. Mama akaenda kwa fundi cherehani anayeshona katika baraza la duka, akamwomba vipande vya vitenge avifagiavyo jioni. Fundi akampa kapu zima bure, maana vingetiwa moto.

Baba alirudi, akayaona yale yaliyotandazwa mkekani.

"Mama watoto, matambara haya ni ya nini?"

"Si matambara, baba watoto. Ni blanketi la watoto, ila bado halijashonwa."

"Wageni wakija wakaona wanangu wamefunikwa viraka, watasemaje? Hawatasema nimeshindwa kuwanunulia blanketi?"

"Mimi sikusema umeshindwa. Najua shimo lina maji. Lakini baridi haitangoja maji yatoke. Siku utakayopata tutanunua blanketi, na hili nalo litakuwapo."

Baba akanyamaza, na uso wake haukufunguka. Ndipo nyanya aliposema toka pale alipoketi, "Mwanangu, wewe ulilelewa ndani ya kaniki yangu kuukuu niliyoishona pamoja na gunia la pamba. Ulikua. Hakuna aliyekucheka, na kama alikuwapo, hakukutia joto."

Mabibi na mabwana, tusimcheke baba huyo. Aliyoyasema husemwa na wengi, nayo hutoka katika mapenzi kwa watoto wake. Mwanamume huogopa aibu kuliko baridi. Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na blanketi lililokopwa dukani kwa fedha isiyokuwapo ni nguo ya kuazima hiyo hiyo. Kipande kilichokuwa kinakwenda motoni, kikamfunika mtoto anayekohoa, hakimwaibishi baba yeyote.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Kwanza, tenga vipande. Pamba iwe na pamba. Kitambaa kizito cha jinzi kiwekwe mbali na kanga nyepesi, maana kizito hukichana chepesi wanapofuliwa pamoja. Kitambaa ambacho ukikivuta kwa mikono miwili kinapasuka, hicho kimekwisha kazi yake. Kiwe cha kufutia meza. Pili, fua kila kitu kabla ya kukata. Kitenge kipya hurudi kikiingia majini, na rangi nyekundu, nyeusi na ya kaniki huchuja. Loweka rangi hizo peke yake, ukazisuuze mpaka maji yawe meupe. Kisha anika, na upige pasi.

Tatu, kata kipimo cha boksi gumu, mraba wa sentimita 14 kila upande, ukifuate kwa chaki au kalamu. Ukiacha sentimita 1 ya mshono kila upande, mraba ulioshonwa utabaki na sentimita 12. Wanafunzi na wafanye hesabu: safu 14 zenye vipande 10 kila moja ni vipande 140, nao hufanya uso wenye upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 168. Huo humtosha mtoto, na mdogo wake ubavuni. Mtu akiunga vipande vitano kila jioni, kazi ya nusu saa au zaidi kidogo, vipande 140 humalizika kwa jioni 28. Bandu bandu huisha gogo.

Nne, shona vipande kumi kumi kuwa safu, kisha shona safu kwa safu. Mshono uwe wa hatua ndogo, na kila baada ya hatua nne tano urudi nyuma mara moja, ili uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote usifumuke. Kina mama wenye vipande vya sura mbalimbali wasihangaike na mraba; na waifuate njia ya kawandi, waanze ukingoni na kuingia ndani.

Tano, weka matabaka. Chini tandika khanga mbili kuukuu zilizoungwa ubavu kwa ubavu. Katikati weka blanketi lililochakaa au masweta ya mtumba yaliyofumka. Juu weka uso wa vipande. Piga bandi, yaani mishono mirefu iliyonyoka, toka upande huu hata upande huu, na kati ya bandi na bandi pasizidi vidole vinne. Bandi zikiwa mbali mbali, kilichomo ndani kitajikusanya upande mmoja siku ya kwanza ya kufua. Mwisho kunja ukingo wote na kuupinda.

Mtu atauliza, vitambaa vyembamba vitatu vinawezaje kushinda baridi? Joto la mfarishi halitoki katika mfarishi. Hutoka katika mwili wetu sisi, na kazi ya nguo ni kulizuia lisikimbie. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi, na kati ya matabaka yale hewa hunaswa isiweze kutembea. Ndiyo sababu nguo tatu nyembamba zilizoshikana hushinda nguo moja nzito. Ndiyo sababu tena mfarishi uanikwe juani mara kwa mara, ukauke kabisa, maana ukilowa jasho hewa ile hupungua na baridi huingia.

Liko onyo moja ambalo nchi yetu ya dhahabu yalihitaji kuliko nchi nyingine. Tumesifu mfarishi wa nguo za kazi, lakini si kila nguo ya kazi yafaa kuingia kitandani. Mchimbaji mdogo achanganyapo zebaki na mchanga ili kuikamata dhahabu, kisha akaichoma, matone na mvuke wake hushika katika nguo zake. Zebaki ni sumu. Hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mtoto aliye tumboni mwa mama. Nguo ya mtu agusaye zebaki isifuliwe pamoja na nguo za watoto, wala isikatwe vipande vya mfarishi, hata ikiwa ingali imara, hata ikiwa ni kumbukumbu. Marehemu akumbukwe kwa shati lake la sikukuu.

Sasa twafikia jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumewaita jioni hii. Mama wa nyumbani huamka kwanza na kulala mwisho. Ana maji, kuni, jembe, chungu na mtoto. Tukija sisi walimu na kumwambia ashone vipande 140 juu ya hayo yote, tutakuwa tumemtwika mzigo mwingine na kuuita maarifa. Ikiwa mfarishi utamwangukia mama peke yake, heri usishonwe.

Lakini itazameni tena nyumba ile ya mfano. Nyanya, ambaye macho yake hayaoni tundu la sindano, alizitambua nguo kwa vidole, akatenga pamba na nailoni. Mtoto wa pili, mvulana wa darasa la tano, aliwatilia uzi sindano watu wote, kisha akajifunza kushona, na safu yake ya tatu ilinyooka. Dada yake alipanga rangi chini mkekani, akazipangua, akazipanga upya mpaka akaridhika. Mtoto mdogo alivuta uzi na kutawanya vipande, akapewa kazi ya kuvihesabu kumi kumi, akatulia. Ziko jioni ambazo hakuna kilichoshonwa, kwa kuwa mtoto alikuwa na homa au kuni zilikuwa mbichi. Kapu likangoja, wala halikumlaumu mtu. Na siku ya kumi au ya kumi na moja, baba, ambaye shimo lake lilikuwa bado limejaa maji, aliuchukua mkasi bila kusema neno, akaanza kukata. Alikata kwa mstari ulionyoka kuliko wote.

Kuna watakaosema kushona si kazi ya mwanamume. Na waende barazani wakawahesabu mafundi cherehani, waone wangapi ni wanaume. Kazi ambayo mwanamume huifanya kwa fedha mbele ya watu, haiwezi kumshushia heshima akiifanya bure mbele ya watoto wake.

Faida nyingine haipimwi kwa fedha. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa ndio tunaolima sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii, na sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje haijasokotwa. Kisha twainunua tena ikiwa nguo. Mtoto aliyeshika kipande, akaambiwa kwamba kilikuwa ua la pamba, kikapaliliwa, kikachumwa, kikachambuliwa, kikasokotwa, kikafumwa, hatakitupa upesi. Na katika mfarishi ule imo sketi ya buluu ya sare aliyoivaa dada mwaka alioanza shule, na imo khanga ya shangazi aliyehamia mbali. Mtoto alalapo huigusa moja moja na kuuliza, hii ilikuwa ya nani? Huyo amejifunza ukoo wake kabla ya kujifunza kuusoma.

Basi, mabibi na mabwana, wiki hii msitupe kipande cha nguo. Tafuteni kapu moja, litundikeni mahali ambapo kila mtu wa nyumba hupita, na kila mtu atie humo kile asichokihitaji. Kapu likijaa, mkate boksi kwa kipimo tulichokitaja, na jioni ya kwanza mkae wote, baba asikose. Miezi ya baridi hurudi kila mwaka, na mwenye kuanza leo hataikuta mikono mitupu.